Mbweni: Kijiji Kilichomezwa na Mji

Mbweni ni kitongoji cha pwani ya magharibi ya Unguja, kilomita kama 7 kusini ya Mji Mkongwe. Ukitoka mjini unapita Kilimani, Migombani na Mazizini kabla ya kuifikia; mbele yake ni Chukwani. Upande wa bara imepakana na Kiembe Samaki na uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, na upande wa machweo ni bahari. Anayepanda daladala ya 505 ya Uwanja wa Ndege leo haoni pengo njiani. Ni maduka, misikiti, ofisi, kuta na nyumba za ghorofa mfululizo. Miaka 150 iliyopita sehemu hizo zilikuwa mashamba ya minazi na vichaka, na Mbweni kilikuwa kijiji cha peke yake. Kilikuwa na kanisa lake, skuli yake na viunga vyake, na wakaazi wake hawakuwa na ukoo wowote kisiwani.

Hali ya kijiji kuzungukwa na mji bila kuingizwa ndani ya mji huo inajulikana pahala pengi duniani. Marekani wana utaratibu wa wazi kuhusu jambo hilo. Huko eneo likishajengeka, wakaazi wake huweza kuunda halmashauri yao ya mji au kujiunga na mji wa jirani, na wasipofanya moja kati ya hayo huendelea kuhudumiwa na serikali ya kaunti. Sehemu kubwa ya Universal City, yenye studio za filamu, imezungukwa na mji wa Los Angeles lakini si mali ya mji huo. Zanzibar haina sheria ya namna hiyo, kwa sababu kila kipande cha ardhi kina sheha wake, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na wilaya yake. Hata hivyo jambo lenyewe lipo. Mipaka ya mabaraza huchorwa mara moja na kukaa miaka, nyumba hujengwa kila siku, na kwa muda mrefu mji wa Unguja uliishi nje ya mji wa kwenye karatasi.

Upekee wa Mbweni unaonekana vizuri ukiilinganisha na vijiji vya upande wa pili wa kisiwa. Jambiani, iliyo pwani ya kusini mashariki na inayofikiwa kwa daladala ya 309, ni kijiji kirefu kilichojipanga kando ya ufukwe, na leo kina shehia mbili, Kikadini na Kibigija. Kama Paje, Bwejuu na Makunduchi, ni makaazi ya kale ya Wahadimu, wenyeji wa sehemu hizo, na ardhi yake ilikuwa na mpango wake kabla ya serikali yoyote kuja kuipima. Kiambo, yaani eneo la nyumba na miti ya kudumu, kilikuwa cha ukoo. Mtu alijenga humo kwa sababu mama au baba yake ni wa hapo, au kwa sababu wenye kiambo wamemridhia. Fedha peke yake haikumfungulia mlango. Nje ya kiambo kuna uwanda, ardhi ya mawe iliyo ya kijiji kizima. Huko mtu alifyeka, akapanda mtama, kunde au muhogo katika vishimo vya udongo baina ya mawe, akavuna misimu michache, kisha akaiacha ardhi ipumzike. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na Watu Wanne, wazee waliotoka katika koo kuu. Mfumo huu umepungua nguvu tangu mahoteli yalipoanza kutafuta viwanja vya ufukweni, lakini mzee wa Jambiani hata leo hakosi kujua mnazi upi ni wa nani, na kwa nini.

Upande wa magharibi wa kisiwa, wenye udongo mzito, ulikuwa na historia nyengine. Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskat, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikawa mashamba ya mikarafuu na minazi ya wenye mali, na wafanyakazi wake walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na wenye mashamba wengi waliingia katika madeni. Kwa hiyo kisiwa kilikuwa na namna mbili kuu za kuishi juu ya ardhi. Mtu aliishi kwa haki ya ukoo, au aliishi kwa idhini ya mwenye shamba. Mbweni haikuingia katika namna yoyote kati ya hizo.

Mwanzo wake unatokana na misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyoundwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Jaribio lao la kwanza, katika bonde la mto Shire huko Nyasa, lilishindwa, na askofu wao Mackenzie akafia huko mwaka 1862. Askofu aliyemfuata, William Tozer, aliamua kuhamia Unguja, akafika 1864. Mwaka huo huo Sultani Majid alimkabidhi watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wawili kati yao, John Swedi na Francis Mabruki, walikuja kuwa watumishi wa kanisa. Swedi alipewa ushemasi mwaka 1879. Misheni ilianzia Shangani, katika jumba la Mambo Msiige, kisha ikafungua skuli ya wavulana Kiungani, kusini ya mji. Mwaka 1871 ikanunua shamba la Mbweni, mbele kidogo katika pwani hiyo hiyo.

Shamba hilo lilihitajika zaidi baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash alitia saini kwa kushinikizwa na Waingereza. Mkataba ulifunga soko la watumwa na kuzuia watumwa kusafirishwa kwa bahari. Hapo ilipokuwa soko, Mkunazini, misheni ilianza kujenga kanisa kuu, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo. Bandarini, manowari ya Kiingereza iitwayo London ilitia nanga mwaka 1874 na kukaa hadi 1883, ikiwa kituo cha mashua zilizokuwa zikivizia majahazi. Jahazi likikamatwa, watu waliomo walipelekwa kwenye ubalozi wa Uingereza na kuandikwa kuwa huru. Pwani nzima waliitwa mateka.

Lakini uhuru wa kuandikwa ofisini haukuwa na pa kwenda. Mateka wengi walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wa mbali, na wapo waliochukuliwa wakiwa wadogo hata hawakuweza kueleza kwao ni wapi. Kuwarudisha bara kulikuwa ni kuwaweka tena njiani kwa wafanyabiashara wale wale. Kuwaachia mjini kulikuwa ni kuwaacha bila mdhamini katika jamii ambayo kila mtu alitambulika kwa kuwa wa fulani. Kwa mtu asiye na ukoo, Jambiani isingekuwa na kiambo, na shamba la mwenye mali lingemrejesha katika kazi ile ile aliyokombolewa kutoka kwayo. Ubalozi uliwagawa mateka kwa misheni mbalimbali. Watoto waliopewa UMCA walikwenda skuli, na watu wazima walipelekwa Mbweni, ambako familia zilipewa pahala pa kibanda na kipande cha kulima ndani ya shamba la misheni.

Nyumba za wakaazi zilikuwa za kawaida ya Unguja: fito zilizofungwa kwa kamba, udongo wa kukandika, na makuti juu. Majengo ya misheni yalikuwa ya mawe na chokaa. Chokaa ya Unguja hutengenezwa kwa kupanga magogo duara, yakakazwa hadi yakawa jukwaa nene, kisha mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake na moto ukatiwa katikati. Tanuu huwaka usiku na mchana mpaka magogo yanapokwisha na mawe kushuka chini yakiwa meupe na mepesi. Baada ya hapo humwagiwa maji, yakachemka yenyewe na kuwa unga. Unga huo ukichanganywa na mchanga na udongo mwekundu, ndio uliosimamisha Mji Mkongwe, na ndio uliosimamisha skuli ya wasichana ya Mbweni. Ni kiungo kizuri cha ukuta, lakini kinataka paa lisilovuja na kupakwa kila baada ya muda. Kikitelekezwa, mvua hukila, mizizi ya miti midogo huingia katika nyufa, na dari ndiyo hutangulia kuanguka.

Skuli hiyo ya wasichana, iliyopewa jina la Mtakatifu Maria, ilijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1870, ikiwa na ua katikati, mabweni, madarasa na kanisa dogo. Wasichana walifundishwa kusoma na kuandika kwa Kiswahili, hesabu, dini, kushona na kusuka mikeka, na waliofanya vizuri walifundishwa ualimu. Walioonekana hawaelekei vitabuni walipelekwa upande wa kazi za mikono, wakajifunza kupika, kufua na kulima. Upangaji huo haukuwa wa haki kila mara, maana msichana aliyeletwa akiwa na miaka kumi na miwili bila ya kujua Kiswahili hakuwa na nafasi sawa na aliyelelewa hapo tangu utoto. Misheni pia ilikuwa na shabaha yake: ilitaka wavulana wa Kiungani wapate wake wenye elimu na imani ile ile. Ndoa nyingi za mwanzo za Wakristo wa Unguja zilikuwa za Kiungani na Mbweni.

Mwaka 1877 alifika mwalimu Caroline Thackeray, binamu wa mwandishi mashuhuri wa riwaya William Makepeace Thackeray. Aliiongoza skuli kwa miaka 25 hivi, hadi 1902, kisha hakurudi kwao. Alibaki Unguja mpaka alipofariki 1926, na kaburi lake liko Mbweni. Alikaa katika nyumba iliyokuwa ya jirani wa misheni, balozi John Kirk. Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Livingstone. Alifika Unguja 1866, na ndiye aliyemkabili Barghash katika shauri la mkataba wa 1873. Nyumba yake ya Mbweni aliizungushia bustani ya miti aliyoletewa kutoka nchi mbalimbali, mingi kwa ajili ya kujaribu ikiwa itafaa kibiashara kisiwani. Watu wa Unguja wanamjua zaidi, pengine bila kujua, kwa kima punju wa Jozani, ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Kirk.

Kwa watu wazima wa kijiji lilijengwa kanisa la Mtakatifu Yohana, mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakati wa Askofu Edward Steere. Steere ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini hadi lilipofunguliwa, na ndiye aliyechapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja pamoja na mkusanyo wa hadithi za Waswahili, vyote viwili mwaka 1870. Alifariki 1882. Kanisa la Mbweni ni dogo, la mawe, na mnara wake umesimama kando ya njia. Lina uwanja wa makaburi ambamo wamezikwa wamisheni na wakaazi wa kijiji.

Sehemu ya historia ya Mbweni iliyo na uzito mkubwa kabisa haikutokea Mbweni. Misheni haikukiona kijiji kama pa kukaa daima, bali kama pa kujitayarisha kurudi bara. Mwaka 1876 Steere alichukua kundi la watu wazima hamsini na kitu wa Mbweni, wake kwa waume, akavuka nao hadi Lindi na kushika njia ya Nyasa. Walipofika Masasi, wengi wao waliona wamekaribia kwao na wakakataa kuendelea mbele. Steere akakubali, na Masasi ikawa kijiji chengine cha watu huru kilichochipuka kutoka kijiji cha Unguja. Kilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882, baadhi ya watu wakauawa na wengine kutekwa, lakini hakikufa. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto, akasomea Kiungani na baadaye Canterbury, Uingereza, alifanya kazi Mbweni na kuoa msichana wa skuli ya hapo kabla ya kupelekwa Chitangali, upande wa Masasi, mwaka 1886. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri.

Walimu na wake wa walimu kutoka Mbweni walikwenda pia Magila, Newala na kisiwani Likoma katika ziwa Nyasa. Waliondoka na Kiswahili cha Unguja. Kwa wengi wao hakikuwa lugha ya mama, ila walikijua kwa kusoma, kuimba nyimbo za dini na kuandika barua. Kiswahili hicho ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Wanaoeleza uteuzi huo hutaja nguvu ya biashara na serikali, na wana haki, lakini mtandao wa walimu waliofunzwa katika pwani hii ya Kiungani na Mbweni unastahili kutajwa pia.

Kijijini kwenyewe maisha yalikuwa ya namna yake. Mbweni kilikuwa kijiji cha Wakristo katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu, na misheni ilikuwa mwenye ardhi, mwajiri, mwalimu na hakimu wa magomvi madogo kwa wakati mmoja. Mkaazi aliyevunja kanuni za ndoa au kuacha ibada hakugombana na padri tu. Aligombana na mwenye nyumba. Haishangazi kwamba wapo waliohama kwenda mjini, wakapanga Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na kuishi kama watu wengine, na wapo walioingia Uislamu, dini ambayo nje ya Mbweni ndiyo iliyomfungulia mtu milango ya ujirani. Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa kijiji: kiliwapa watu pa kukaa bila ya kuwapa ardhi.

Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini mwaka 1897 amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, na kwa miaka hiyo majahazi ya kukamatwa yalikuwa yamepungua sana. Kijiji kilichokuwa kikijazwa kutoka baharini kikakosa wakaazi wapya. Misheni nayo ilikuwa imeelekeza nguvu zake bara. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 skuli ya Mtakatifu Maria ilifungwa hapo, na jengo likaachwa. Waliobaki walikuwa familia chache zilizolima na kuvua, zikihudumiwa na kanisa lao.

Wakati Mbweni ikipungua, mji ulikuwa ukikua kutoka upande mwengine. Kwa muda mrefu mji wa Unguja ulikuwa ni rasi ya Mji Mkongwe iliyotengwa na nchi kavu na hori la maji, na ng'ambo ya hori walikaa mafundi, wachukuzi, watumwa na waliokuwa watumwa, juu ya ardhi iliyokuwa ya watu wengine. Ng'ambo ilikua mpaka ikaupita Mji Mkongwe kwa watu, hori likafukiwa, na mitaa ikasonga mbele kufuata barabara. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ilianza kujenga nyumba za ghorofa, baadhi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, huko Kikwajuni na Kilimani, na baadaye majengo marefu ya Michenzani. Mwaka 1965 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na mashamba mengi yaligaiwa kwa wananchi eka tatu tatu.

Tangazo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa kijiji kama Mbweni. Kilichokuwa kimekitofautisha na majirani zake hakikuwa ukuta wala mto. Kilikuwa hati ya shamba iliyoshikwa na misheni. Hati hiyo ilipopoteza nguvu, kanisa na makaburi yalibaki na waumini, na ardhi nyengine ikaingia katika utaratibu mmoja na Mazizini na Kiembe Samaki, yaani ardhi ya kugaiwa viwanja.

Viwanja vikaja. Mpango mkuu wa mji uliotayarishwa mwaka 1982 kwa msaada wa wataalamu wa Kichina uliangalia namna ya kuutanua mji, na biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, fedha ya kujengea ikapatikana kwa wafanyabiashara, maofisa na Wazanzibari wanaoishi nje. Kwa upande wa mashariki, katika sehemu kama Mwanakwerekwe na Fuoni, watu wengi walinunua vipande kwa wenye mashamba na kujenga kabla mpimaji hajafika, na barabara zikapatikana pale zilipobakia. Pwani ya Mazizini na Mbweni ilipimwa, viwanja vyake vilikuwa vikubwa, na upepo wa bahari ukavipandisha bei. Matokeo yake ni kinyume kidogo: pahala palipoanzishwa kwa ajili ya watu wasiokuwa na kitu pamekuwa mtaa wa kuta ndefu, mageti ya chuma na nyumba za mabalozi. Mahoteli yalifuata, na Baraza la Wawakilishi likajenga jumba lake Chukwani, hatua chache mbele.

Utawala ulichelewa kufuata. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na wilaya mbili. Wilaya ya Mjini ndiyo iliyokuwa chini ya Baraza la Manispaa, na Wilaya ya Magharibi, ambamo Mbweni ilikuwamo, ilikuwa na halmashauri ya wilaya, chombo cha namna ile ile iliyotumika kwa wilaya za mashamba. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu wa Mbweni aliishi katika mtaa wa kimji kabisa, akifanya kazi na kununua mahitaji mjini, huku taka zake, njia yake ya ndani na kibali chake cha ujenzi vikishughulikiwa na halmashauri isiyokuwa na gari, wahandisi wala mapato ya kuendesha mji. Mkaazi alikwenda kwa sheha kupata barua, kwa wilaya kupata muhuri, na kwa kibarua wa mkokoteni kuondoa taka. Katikati ya miaka ya 2010 Wilaya ya Magharibi iligawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B, na kila moja ikapata manispaa yake. Mbweni sasa ni shehia ya Magharibi B.

Idadi ya watu inaeleza sababu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya 2022 ilihesabu 893,169. Hilo ni ongezeko la nusu nzima ndani ya miaka kumi, na kwa kuwa Mji Mkongwe na Ng'ambo hazina tena pa kujenga, limeangukia nje ya mipaka ya zamani ya mji.

Vijiji ndugu vya Mbweni katika pwani ya Afrika Mashariki vimepita njia inayofanana. Misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo ilianzisha kijiji cha watu huru baada ya kufika huko 1868, lakini Bagamoyo ilibaki mji mdogo na kijiji hakikubanwa. Frere Town, iliyoanzishwa na CMS, misheni nyengine ya Kianglikana, mwaka 1875 upande wa bara wa Mombasa, ndiyo inayokaribiana zaidi na Mbweni. Leo imo kabisa ndani ya mji wa Mombasa, na kengele yake ya zamani imeliachia jina eneo la Kengeleni, mojawapo ya makutano yenye msongamano mkubwa wa magari. Nairobi kuna mfano wa asili nyengine. Wanubi, wazao wa askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, walikalishwa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20 kwenye ardhi ya jeshi bila hati, mji ukawazunguka, na madai yao yalichukua vizazi kadhaa. Mwaka 2017 walipewa hati ya pamoja ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ardhi waliyoanza nayo. Mbweni haikupata shauri la namna hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu wake walishaondoka wenyewe, wengine kwenda Masasi na Nyasa, wengine Ng'ambo.

Vilivyobaki Mbweni ni vichache na viko katika mikono tofauti. Kanisa la Mtakatifu Yohana bado linatumika kwa ibada chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Zanzibar. Magofu ya skuli ya wasichana yamo ndani ya viwanja vya hoteli. Mgeni huonyeshwa matao, ua na kanisa dogo lisilo na paa, na hoteli ndiyo inayofyeka majani. Mji Mkongwe wenyewe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, una mamlaka yake ya hifadhi iliyoundwa 1985, yenye kanuni za madirisha, rangi na urefu wa majengo. Mipaka ya mamlaka hiyo ni ya Mji Mkongwe na haifiki Mbweni. Majengo ya nje ya mji yanategemea idara ya serikali ya mambo ya kale, ambayo ina magofu ya kisiwa kizima ya kuangalia, kutoka kasri za Mtoni na Dunga hadi msikiti wa kale wa Kizimkazi. Kwa sasa, kuta za skuli ya Mtakatifu Maria zinasimama kwa sababu mwenye hoteli anaona zina faida katika biashara yake, na ukarabati wa chokaa unafanywa au haufanywi kwa kadiri ya hesabu hiyo.